Mkataba wa 1951 na mizinga ya maji: China na Marekani zinapimana wapi hasa?

Mwalimu wa Zamu ameuliza:

Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa historia wa kidato cha tano na cha sita, na wiki iliyopita nilibanwa darasani na swali ambalo sikulijibu ipasavyo. Tulikuwa kwenye mada ya miungano ya kijeshi iliyoundwa baada ya Vita Kuu ya Pili, nikaeleza kwamba Marekani na Ufilipino zilitia saini mkataba wa kulindana tarehe 30 Agosti 1951, na kwamba kila upande uliahidi kuchukua hatua endapo mwenzake angeshambuliwa kwa silaha katika eneo la Pasifiki. Msichana mmoja anayekaa dawati la nyuma akanyoosha mkono akasema: kama ndivyo, mbona meli za Ufilipino zinamwagiwa maji kwa mizinga, zinagongwa na kuzibiwa njia na meli za China katika Bahari ya China Kusini, na Marekani haijafyatua hata risasi moja? Ama mkataba ni karatasi tu, ama China haiogopi, ama kuna jambo ambalo mwalimu hajatuambia.

Nilimjibu kwamba mataifa makubwa huwa yanapimana ubavu. Darasa likacheka, na kipindi kikaisha nikiwa bado natafuta maneno. Nilipofika nyumbani niliona kwamba sikujibu kitu, maana kupimana ubavu ni jina la jambo lenyewe, si maelezo yake. Ninachotaka kuelewa ni namna linavyotendeka: anayepima anajuaje kwamba amefika mwisho, na anayepimwa anaamuaje kwamba sasa inatosha? Naomba mnaolifuatilia suala hili mnisaidie kwa mifano halisi, kwa sababu Jumatatu naingia tena katika darasa hilohilo.

Msomaji wa Ramani amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Mwanafunzi wako amegusa penyewe, na dhana yake ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli.

Tuanze na maneno ya mkataba. Kifungu cha nne kinazungumzia shambulio la silaha dhidi ya upande mmoja katika eneo la Pasifiki, na kinasema kwamba kila upande utakabili hatari hiyo kwa kufuata taratibu zake za kikatiba. Kifungu cha tano kinaeleza kwamba shambulio hilo ni pamoja na lile linaloelekezwa kwa majeshi, kwa meli za umma au kwa ndege za mmoja wao. Hakuna mahali panaposema kama maji yanayorushwa kwa msukumo mkubwa ni silaha au si silaha, wala kama meli kuisukuma nyingine kwa omo yake, yaani sehemu yake ya mbele, ni shambulio au ni ajali. Walioandika mkataba huo waliandika wakati vita vya Korea vikipiganwa, na mawazo yao yalikuwa kwenye mizinga ya kweli na ndege za kivita. Kwa hiyo kati ya amani na kile kinachoitwa shambulio la silaha paliachwa uwanja mpana, na ndani ya uwanja huo ndimo China inamofanyia kazi.

Tazama vyombo inavyovitumia. Meli zinazozuia njia ni nyeupe, za kikosi cha walinzi wa pwani, zikisaidiwa na mashua za wanamgambo wa baharini ambazo kwa macho ya kawaida ni mashua za uvuvi, wakati manowari za kijivu hukaa mbali zikitazama. Rangi hiyo nyeupe inasema kwamba hapa ni suala la polisi kufukuza wavamizi, hata kama tangu 2018 kikosi hicho kiko chini ya amri ya kijeshi, na sheria iliyoanza kutumika Februari 2021 inakiruhusu kutumia silaha dhidi ya vyombo vya kigeni katika maji ambayo China inadai ni yake.

Ufilipino nayo, Mwalimu, haikukaa bila hila. Mwaka 1999 iliipandisha mwambani kwa makusudi meli kuukuu iitwayo BRP Sierra Madre, katika fungu la Second Thomas, kiasi cha kilomita mia mbili kutoka kisiwa cha Palawan. Meli hiyo iliundwa na Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na leo imeliwa na kutu kiasi kwamba ukiiona kwenye picha utadhani ni chuma chakavu kinachosubiri mnunuzi. Lakini haijafutwa katika orodha ya meli za jeshi la wanamaji la Ufilipino, na ndani yake wanaishi wanajeshi wachache kwa zamu. Maana yake ni kwamba kuipiga meli ile ni kulipiga jeshi la Ufilipino, na hapo kifungu cha tano hakina utata tena. Ndiyo maana China haiigusi. Inachofanya ni kuzuia vyombo vinavyopeleka chakula, maji na askari wa kubadilishana zamu, na hasa inachukizwa na saruji na vyuma vya ukarabati, kwa sababu kutu inaifanyia China kazi ambayo manowari zake haziwezi kuifanya bila kuwasha vita.

Namna hii ya kumega kidogo kidogo ina historia. Wamarekani waliondoka katika kituo chao cha kijeshi cha Subic, nchini Ufilipino, Novemba 1992, na mwanzoni mwa 1995 Wafilipino wakagundua kwamba Wachina wamejenga vibanda juu ya nguzo katika mwamba wa Mischief. Walielezwa kwamba ni makazi ya wavuvi wakati wa dhoruba. Leo mahali hapo pana njia ya kurukia ndege yenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na nusu. Kisha Aprili 2012, katika fungu la Scarborough, Ufilipino ilikosea kwa kutuma meli ya kivita kwenda kuwakamata wavuvi wa Kichina. China ikaleta meli za kiraia zikajitia katikati, na aliyeonekana kutanguliza jeshi akawa Mfilipino. Ufilipino ilibadilisha meli ikaleta ya walinzi wa pwani, lakini ilikuwa imechelewa. Juni mwaka huo iliondoka, Wachina wakabaki, na hadi leo wapo. Katika hatua zote hizo hakuna hata moja ambayo, ikitazamwa peke yake, ingeweza kumshawishi rais wa Marekani apeleke vijana wake kufa.

Baharia wa Mtoni amejibu:

Mwalimu, mimi si msomi wa siasa. Nimefanya kazi katika meli za mizigo kwa miaka kumi na tisa, na njia ya kutoka bandari za China kupitia Singapore hadi Dar es Salaam na Mombasa naijua kama njia ya kwenda kwetu. Wengi hudhani kwamba tunapita katikati ya ugomvi huo. Hapana. Sehemu kubwa ya eneo la visiwa vya Spratly, vinavyogombewa katika bahari hiyo, imeandikwa kwenye ramani za baharini kuwa ni ya hatari, kwa sababu ya mafungu na miamba, kwa hiyo meli kubwa hulizunguka. Neno fungu alilolitumia mwanangu hapo juu ni sahihi kabisa, na mtu wa pwani atalielewa haraka kuliko wa bara: ni pahali panapofunikwa maji yakijaa na pengine pakaonekana maji yakipwa. Taifa zima linagombea kitu ambacho kwa saa kadhaa za kila siku hakionekani.

Nitasema juu ya jambo moja ninalolifahamu. Baharini tuna kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, za mwaka 1972, na kila afisa wa zamu huzikariri hadi akaziota. Meli mbili zikikatiza njia, ile inayomwona mwenzake upande wake wa kulia ndiyo inayopaswa kumpisha. Kanuni hizo zimejengwa juu ya dhana moja, nayo ni kwamba hakuna nahodha anayetaka kugonga. Sasa chukua nahodha aliyeamriwa azuie. Anajiweka upande wako wa kulia kwa makusudi, anakaza mwendo, na wewe ndiye unayelazimika kugeuka. Usipogeuka, picha zitaonyesha kwamba wewe ndiwe uliyevunja kanuni. Anaitumia kanuni ya usalama kama fimbo. Na kumbuka kwamba meli haina breki. Chombo cha maelfu ya tani ukikiambia kisimame, kitakwenda mbali kabla ya kukusikia.

Maji nayo msiyadharau. Mzinga wa maji wa meli kubwa ukielekezwa kwenye mashua ya mbao hupasua vioo, hung'oa antena na hujaza chumba cha injini. Machi 2024 Wafilipino wanne walijeruhiwa namna hiyo kwa vioo vilivyovunjika, na wiki kadhaa baadaye, mwezi huohuo, mashua hiyohiyo iliharibiwa vibaya. Aliyeko ndani hawezi kuona tofauti kubwa kati ya maji na risasi. Tofauti hiyo wanaiona walioko ofisini.

Na tarehe 11 Agosti 2025, karibu na Scarborough, manowari ya China iligonga meli ya walinzi wa pwani wa China wakati zote mbili zikiikimbiza meli moja ya Ufilipino. Omo ya ile ya walinzi ilibonyea kama kopo. Wangeipata ile waliyoikusudia, tungekuwa tunazungumza habari nyingine leo.

Wakili wa Kisiwani amejibu:

Nawaheshimu wachangiaji walionitangulia, lakini naona mizani imelalia upande mmoja. Kama tunataka wanafunzi wa Mwalimu waelewe namna mataifa yanavyopimana, tusiwaonyeshe mpimaji mmoja na wengine wote wakiwa wapimwaji.

Oktoba 2015 Marekani ilipitisha manowari yake USS Lassen ndani ya maili 12 za baharini kutoka mwamba wa Subi, ambao China ilikuwa imeujaza mchanga ukawa kisiwa, kwa lengo la kuonyesha kwamba haiyatambui madai yaliyojengwa juu ya mchanga huo. Safari za aina hiyo zimerudiwa mara nyingi. Marekani hufanya hivyo kwa jina la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao yenyewe haijauridhia hadi leo, na ukiwa Beijing jambo hilo haliwezi kukupita bila kulitaja. Mwaka 2023 Ufilipino iliongeza kambi nne ambazo Wamarekani wanaruhusiwa kuzitumia, tatu kati yake zikiwa kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, upande unaoelekea Taiwan. Aprili 2024 mtambo wa makombora uitwao Typhon uliletwa Luzon kwa ajili ya mazoezi. Mazoezi yakaisha, mtambo ukabaki, na makombora unayoweza kuyarusha yanafika China bara. Hiyo nayo ni kumega. Hata uamuzi wa Ufilipino wa 2023 wa kuwapakia waandishi wa habari katika meli za walinzi wake wa pwani ni kipimo: unamlazimisha mwenzako achague kati ya kukuachia upite au kuonekana duniani kote akikumwagia maji.

Sasa upande wa sheria, ambao ndio kazi yangu. Jopo la usuluhishi lililotoa uamuzi tarehe 12 Julai 2016, katika shauri ambalo Ufilipino ilifungua dhidi ya China, lilisema kwamba madai ya China ya haki za kihistoria ndani ya ule mstari wa vidoti tisa, ambao China huuchora kwenye ramani zake kuzunguka sehemu kubwa ya bahari hiyo, hayana msingi wa kisheria, na kwamba fungu la Second Thomas liko ndani ya ukanda wa kiuchumi wa Ufilipino, yaani sehemu ya bahari ambayo haki ya rasilimali zake ni ya Ufilipino. China ilikataa kushiriki na ikakataa uamuzi. Sisi Wakenya tusijifanye wageni wa mwenendo huo, kwa maana Machi 2021 tulijitoa katika usikilizaji wa kesi ya mpaka wa bahari kati yetu na Somalia, na hukumu ilipotoka tarehe 12 Oktoba 2021 serikali yetu ilisema haiitambui. Taifa dogo nalo hupima.

Lakini katika uamuzi huo wa 2016 kuna aya ambazo magazeti huziruka, nami naziona kuwa ndizo zinazomjibu yule binti wa dawati la nyuma. Ufilipino iliomba jopo litamke pia juu ya vitendo vya China vya kuizuia Sierra Madre isipelekewe mahitaji. Jopo likakataa, likisema kwamba hapo wanajeshi wa upande mmoja wamekabiliana na meli za jeshi na za dola za upande mwingine, kwa hiyo ni shughuli za kijeshi, na China ilikuwa imetumia haki yake chini ya mkataba wa bahari ya kuziondoa shughuli za kijeshi katika usuluhishi wa lazima. Ujenzi wa visiwa vya kumwaga mchanga, kwa upande mwingine, jopo lilikubali kuushughulikia, kwa sababu China yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba ni wa kiraia. Tazama basi mtego ulivyo: jambo lilelile la Second Thomas likiitwa la kijeshi, mlango wa mahakama unafungwa; likiitwa la kipolisi, mlango wa mkataba wa 1951 unafungwa. Meli nyeupe inaelea katikati ya milango miwili iliyofungwa, na sioni kwamba ilifika hapo kwa bahati.

Mwalimu wa Zamu ameandika:

Nawashukuru sana, na hasa wewe Dada Wakili kwa hilo la milango miwili. Nimelinakili kwenye andalio langu la somo. Marahaba, kijana wangu Msomaji wa Ramani. Bado nina duku­duku moja. Nilisoma kwamba Rais Marcos wa Ufilipino alitamka hadharani kitu ambacho hatakivumilia. Je, si ilikuwa busara? Mtu akijua mpaka uliko, hatauvuka.

Msomaji wa Ramani amejibu:

Mwalimu, alitamka kweli, katika mkutano wa usalama uliofanyika Singapore tarehe 31 Mei 2024. Aliulizwa kuhusu mizinga ya maji, naye akasema kwamba Mfilipino akiuawa kwa kitendo cha makusudi, hilo litakuwa karibu sana na kile wanachokihesabu kuwa ni tendo la vita. Tarehe 17 Juni, siku kumi na saba tu baadaye, walinzi wa pwani wa China wakiwa na visu na shoka walizizingira boti za mpira za wanamaji wa Ufilipino karibu na Sierra Madre, wakazitoboa, wakachukua vifaa, na katika purukushani hiyo baharia mmoja wa Ufilipino akakatika kidole gumba. Hakuna aliyekufa. Siwezi kudai kwamba mtu alipimiwa kidole kwa rula ya hotuba ile, lakini tukio lilitua mahali palepale ambapo kauli ya Marcos ilikuwa haijafika.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi. Ofisa wa juu wa ikulu ya Manila alisema kwanza kwamba pengine ni kutoelewana au ajali, na baada ya siku chache waziri wa ulinzi akasema kwamba lilikuwa tendo la uchokozi na la matumizi haramu ya nguvu. Hawakuwa wakibishana juu ya kilichotokea, maana video zilikuwepo. Walikuwa wakibishana juu ya jina, kwa kuwa jina ndilo linaloamua kama Marekani itaamshwa, na Manila haikuwa na hakika kama inataka kumwamsha. Mwezi uliofuata Ufilipino na China zilifikia makubaliano ya muda kuhusu upelekaji wa mahitaji kwenye meli ile, na kila upande ukayaeleza makubaliano hayo kwa namna yake.

Kwa hiyo kuutangaza mpaka ni sawa na kumwambia mwenzako kwamba yote yaliyo kabla ya hapo unayavumilia. Kutoutangaza nako kuna gharama yake, na hapa historia yako, Mwalimu, itakusaidia. Tarehe 12 Januari 1950 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Dean Acheson, alieleza mstari wa ulinzi wa nchi yake katika Pasifiki kuanzia visiwa vya Aleutia, kupitia Japani, hadi Ufilipino. Korea hakuitaja ndani yake. Juni 25 mwaka huo Korea Kaskazini ilivuka mpaka, na Marekani ikapigana kwa ajili ya nchi ambayo haikuwa kwenye mstari. Wanahistoria wanabishana hadi leo ni kiasi gani hotuba ile ilichangia, na mimi naamini kwamba ilichangia kidogo kuliko inavyosemwa. Lakini tangu hapo Washington imekuwa ikiongeza maneno kidogo kidogo: mwaka 2019 ilisema wazi kwamba Bahari ya China Kusini ni sehemu ya Pasifiki inayotajwa na mkataba, na Mei 2023 miongozo mipya ya ulinzi ya nchi hizo mbili ikawataja walinzi wa pwani kwa jina. Kila tundu lililozibwa kwa maandishi limemfanya mpinzani atafute lingine, na neno lenyewe, shambulio la silaha, bado halijaelezwa. Nadhani halitaelezwa, kwa sababu siku litakapoelezwa Marekani itakuwa imejifunga yenyewe.

Baharia wa Mtoni amejibu:

Mwanangu, umeeleza vizuri, ila kuna neno moja katika kauli ya huyo rais ambalo sisi wa baharini linatusumbua: makusudi. Mwalimu, Jumatatu mwulize yule binti hivi. Yule baharia aliyekatika kidole, boti yake ilikuwa ikiyumba, imebanwa na boti nyingine pande zote, watu wanavutana kwa kamba na visu. Angeteleza akaangukia katikati ya vyombo viwili, akabanwa, akazama, nani angekaa kuamua kama ameuawa kwa makusudi, na angepewa saa ngapi za kuamua?